Bata wa Kedowa: Je, Kila Ukifikiacho Mkono Ni Chako?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa viumbe vya nchi kavu na vya majini na virukavyo angani. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na Aali zake, na Sahaba zake.

Ama baad. Katika maswali yaliyoletwa darasani petu limekuja moja la ndugu yetu, mtu wa pwani, aliyehamia Kedowa kwa ajili ya biashara. Kwa wale wasioijua, Kedowa ni mji mdogo katika kaunti ya Kericho, kando ya barabara itokayo Mau Summit, karibu na Londiani. Ni nchi ya baridi, iliyo juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 2,000. Reli iliyoanzia kwetu Mombasa ilipita pande hizo ikafika Kisumu mwaka 1901, na katika miaka ya 1920 yakafunguliwa Kericho mashamba makubwa ya chai. Mvua ni nyingi, vijito hutoka misituni, na wakulima wana malambo ya kunyweshea ng'ombe wao.

Katika maji ya nyanda hizo za juu hukaa bata wa mwitu. Yuko mwenye mdomo wa manjano, ambaye ni mwenyeji wa huko. Yuko bata mweusi apendaye vijito vya misituni vyenye mawe. Yuko bata bukini wa Misri, mkubwa na mwenye kelele. Na ifikapo mwezi wa Oktoba huteremka wageni kutoka Ulaya na Asia, wakikimbia baridi ya kwao, wakarejea mwezi wa Machi au Aprili.

Ndugu yetu ameuliza hivi: bata hawa hawakufugwa na mtu wala hawalishwi na mtu. Jirani yake ana bunduki, na lambo liko nyuma ya nyumba. Je, kuna ubaya gani wakipiga bata wawili watatu wakapata kitoweo? Na kama hakuna ubaya, ni adabu zipi za kuwinda bata azifuate Mwislamu ili nyama yake iwe halali?

Twamshukuru kwa kuuliza kabla ya kutenda, kwani wengi wetu hutenda kwanza, kisha wakatafuta fatwa ya kufunika walilolitenda. Na swali lake tumeona tulijibu kwa urefu, kwani chini yake liko swali kubwa zaidi lituhusulo sote, wa bara na wa pwani: kitu kisichokuwa na mwenyewe, je, huwa ni chako kwa kuwa tu mkono wako waweza kukifikia?

Tuanze na asili ya jambo. Kuwinda ni halali katika dini yetu. Hapana khitilafu katika hilo. Katika Suratul-Maida Mwenyezi Mungu ametuhalalishia windo la bahari, na akaturuhusu kula walichotukamatia wanyama tuliowafunza kuwinda, kwa sharti ya kulitaja jina Lake. Sahaba Adiy bin Hatim, mwana wa yule Hatim aliyesifika kwa ukarimu kwa Waarabu, alimuuliza Mtume (S.A.W.) habari za mbwa na mishale ya kuwindia, naye akajibiwa mas'ala baada ya mas'ala; majibu hayo yamepokewa na Bukhari na Muslim. Na bata mwenyewe ni katika ndege walio halali kuliwa, afugwaye na wa mwitu, kwani si ndege mwenye makucha ya kurarulia.

Basi mwenye kusema kuwa kuwinda ni halali amesema kweli, lakini amesema nusu ya maneno. Kula ni halali, na mtu huweza kula hata akajidhuru. Kuuza ni halali, na mtu huweza kuuza kwa mizani ya uwongo. Kila halali ina mlango wake na ina mipaka yake, na mwenye kuingia kwa dirishani hawezi kusema kuwa nyumba ni yake.

Katika Sura hiyohiyo ya Maida iko aya ambayo twaona wengi huipita bila ya kuizingatia. Mwenyezi Mungu anawaambia waumini kuwa atawajaribu kwa windo ambalo mikono yao na mikuki yao italifikia, ili adhihiri anayemwogopa Yeye hali ya kuwa hamwoni. Aya hii iliwahusu Waislamu waliokuwa katika ihramu, ambao kuwinda kumeharimishwa kwao. Wanyama wakawajia karibu, windo likawa jepesi kuliko siku zote, na huo ndio ukawa mtihani wao. Angalia, ndugu msomaji, hekima iliyo humo. Windo gumu halimjaribu mtu sana, kwani taabu yenyewe humzuia. Mtihani ni lile jepesi, lililo nyuma ya nyumba, lisilo na mlinzi, saa ambayo hapana akuonaye.

Bata wa lambo la Kedowa ni windo la namna hiyo. Na kwa Mwislamu aliye Kenya leo liko zuio juu yake, ingawa si la ihramu. Uwindaji wa mchezo ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977. Kwa miaka mingi baadaye uliachwa mlango mdogo wa kupiga ndege kwa leseni, kisha sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 ikauhesabu uwindaji wa kujifurahisha kuwa kosa lenye adhabu. Mtu asiyekuwa na ruhusa ya serikali hana haki ya kumpiga bata wa mwitu, hata awe mmoja, hata awe nyuma ya nyumba yake. Na leseni ya kumiliki bunduki haiwi leseni ya kuwinda.

Hapa twajua kuwa baadhi ya watu watasema: hiyo ni sheria ya serikali, sisi twafuata sharia ya Mwenyezi Mungu, alichokihalalisha Mola hakiharimishwi na bunge. Na wako watakaoongeza kuwa sheria hizi ni urithi wa Waingereza. Zama za ukoloni walowezi wa nyanda za juu walikuwa wakienda maziwani na mabwawani kupiga bata kwa burudani, wakaitwa waungwana. Na Mwafrika aliyetega mtego kwa njaa ya wanawe akaitwa jangili, akafungwa. Dhuluma hiyo ilikuwako, wala hatuikanushi. Lakini zuio la leo halimbagui mweupe na mweusi, na dhuluma ya jana haimpi mtu wa leo ruhusa ya kuchukua kisicho chake.

Ama lile neno la kuwa zuio la watawala halina asili katika dini, hilo si sawa. Mtume (S.A.W.) aliifanya Madina kuwa na eneo takatifu lisilowindwa wanyama wake wala kukatwa miti yake. Na aliihifadhi ardhi ya Naqi'i kwa malisho ya farasi wa Waislamu, asiitumie mtu kwa faida yake mwenyewe. Wanavyuoni huita ardhi kama hiyo hima. Basi mtawala akizuia kilicho cha watu wote kwa ajili ya maslaha ya watu wote, asije mwenye nguvu akakimaliza na mnyonge akakosa, amefanya jambo lenye mfano katika Sunna. Kumtii katika hilo ni wajibu maadamu hakuna maasi ya Mwenyezi Mungu ndani yake. Na kumwacha bata akaogelea si maasi.

Kwa hivyo jawabu la swali la kwanza la ndugu yetu ni hili: asimpige. Ataka nyama ya bata na afuge, kwani bata ni kiumbe mwepesi wa kufugwa, na baridi ya Kedowa haimdhuru.

Msomaji atasema: ikiwa hivyo, zina faida gani hizo adabu alizoziuliza? Zina faida kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kuwa Waislamu hawako Kenya peke yake. Tanzania kuwinda huruhusiwa kwa leseni na kwa mipaka iliyowekwa. Na jamaa zetu wengi leo wako Uingereza, Canada na Marekani, ambako kuwinda bata ni jambo la kila mwaka lenye majira yake maalumu. Marekani tangu mwaka 1934 mwindaji wa bata mtu mzima hulazimika kununua stempu maalumu ya serikali, na fedha zake hutumiwa kuhifadhi mabwawa wanakozaliana ndege hao. Sababu ya pili ni kuwa adabu za kuwinda ni darasa ya rehema, na rehema huhitajiwa hata na yule ambaye maisha yake hatashika bunduki. Basi tutazitaja moja moja.

Ya kwanza ni nia. Wanavyuoni wamesema kuwa kuwinda kwa haja ya kula au kuuza ni halali, na kuwinda kwa upuuzi wa kuua tu, kisha windo likatupwa, ni jambo la kulaumiwa hadi kufikia haramu. Muslim amepokea kuwa Mtume (S.A.W.) amekataza kukifanya chenye roho kuwa shabaha. Na imepokewa kuwa Ibn Umar aliwapita vijana wa Kikureshi waliomsimamisha ndege wakawa wanampiga mishale kwa mashindano. Walipomwona wakatawanyika, naye akawaeleza kuwa Mtume amemlaani mwenye kutenda hayo. Basi ajiulize mwindaji kabla ya kutoka: lau nyama hii ingeliwekwa mezani kwangu bila ya mimi kupiga risasi, ningelibaki na hamu ya kwenda? Akijibu kuwa ndiyo, basi ajue kuwa atakwenda kutafuta kitu kingine kisichokuwa chakula.

Ya pili ni swala. Bata wana tabia ya kuruka kwenda malishoni na kurudi kabla ya jua kuchomoza na wakati wa kuchwa kwake, na mwindaji wao huvizia saa hizohizo. Saa hizo ni za Alfajiri na Magharibi. Katika nchi zilizo karibu na Ikweta, kama Kedowa na kama kwetu pwani, nyakati hizo mbili ni fupi. Mtu akiinama matetini akingoja ndege, ainuapo kichwa wakati umekwisha. Imepokewa katika hadithi kuwa mwenye kuandama mawindo hughafilika. Twaona maana yake ni wazi kwa mwenye kuvizia bata. Na aswali kwanza, hata kama kundi zima litampita.

Ya tatu ni ruhusa ya mwenye ardhi. Bata hana mwenyewe, lakini lambo lina mwenyewe, na shamba la kulipitia lina mwenyewe. Kuna watu waliochimba, waliopanda, na wenye ng'ombe na watoto karibu ya maji. Risasi inayokosa bata haipotei, huenda mahali. Mwindaji asiyejua kilicho nyuma ya shabaha yake hana haki ya kufyatua.

Ya nne ni kumjua ndege na hali yake. Bata baada ya kuzaa hupukutika manyoya ya mbawa kwa mara moja, akakaa majuma kadhaa asiweze kuruka. Wakati huo hata mtoto mdogo aweza kumkimbiza akamshika. Na mama mwenye vifaranga hujifanya amevunjika bawa ili kumvuta adui ambali na wanawe. Abu Dawud amepokea kisa cha ndege aliyechukuliwa vifaranga vyake akawa anapapatika juu ya watu, Mtume (S.A.W.) akauliza ni nani aliyemuumiza kwa watoto wake, akaamuru warudishiwe mama yao. Basi mwenye kumwona bata hawezi kuruka, au yuko na wanawe, na amwache. Huko ndiko kufikiwa na windo kwa mkono na kwa mkuki tulikokutaja.

Ya tano ni masafa. Bunduki itumiwayo kwa bata ni ya marisau, yaani chembe ndogo nyingi zitokazo kwa pamoja kisha zikatawanyika. Wawindaji wenye ujuzi husema kuwa zikipita kiasi cha mita 35 au 40 hutawanyika mno, zikamjeruhi ndege pasi na kumwangusha. Huruka na chembe mwilini, akafa matetini baada ya siku nyingi kwa maumivu. Na wengine hufyatua katikati ya kundi bila ya kumkusudia mmoja, wakitaraji kuwa hawatakosa chochote. Huyo hujeruhi watano akapata mmoja. Mtume (S.A.W.), kama alivyopokea Shaddad bin Aws, ametufunza kuwa Mwenyezi Mungu ameandika wema juu ya kila kitu, hata katika kuua na kuchinja, na ametuamrisha kunoa kisu na kumstarehesha mnyama. Kwa mwindaji wa bata wema huo ni kungoja windo lifike karibu, kumkusudia ndege mmoja, na kuacha kufyatua akiwa na shaka.

Ya sita ni mas'ala ya maji, na hapa bata ametofautiana na mawindo mengine. Katika majibu aliyopewa Adiy bin Hatim lilikuwemo hili: ukimkuta mnyama uliyempiga amezama katika maji, usimle, kwani hujui kama maji ndiyo yaliyomuua au ni mshale wako. Sasa bata aghalabu hupigwa juu ya maji na huanguka majini. Imamu Nawawi ameeleza katika madhehebu yetu ya Shafi kuwa ndege wa majini aliyekuwa juu ya uso wa maji akapigwa akafa, huyo ni halali, na maji kwake ni kama ardhi. Ama aliyekuwa nje ya maji akapigwa kisha akaanguka ndani yake, hapo pana kauli mbili. Na jeraha likiwa limekwisha kuumaliza uhai wake kama kuchinjwa, kuanguka kwake baadaye hakudhuru. Mwenye kuipenda dini yake na aikimbie shaka. Asimpige bata mahali ambapo hana mashua wala njia ya kumfikia upesi.

Ya saba ni mas'ala ya risasi yenyewe. Sharia imetofautisha baina ya kinachotoboa na kinachoua kwa uzito wa kipigo; aliyekufa kwa kipigo ni mzoga, kama ilivyotajwa katika Suratul-Maida. Wanavyuoni wa madhehebu yetu waliotangulia waliona uzito katika silaha zirushwazo kwa moto, kwa vile huua kwa kishindo na kuunguza. Imamu Shawkani wa Yemen, aliyefariki mwaka 1834, aliona kuwa risasi ya bunduki hutoboa na hupenya, basi huhalalisha kama mshale, ikiwa mpigaji amelitaja jina la Mwenyezi Mungu. Wengi katika wanavyuoni wa zama hizi wamelifuata neno hilo. Njia ya kusalimika na khitilafu ni moja: mwindaji apige bismillahi kabla ya kufyatua, ingawa kwa Imamu Shafi hiyo ni sunna na kwa wengine ni sharti, kisha akimbilie kwa kisu kikali, na akimdiriki yu hai basi amchinje. Akimkuta yu hai akamwacha afe kwa uvivu wakati kisu anacho, huyo hakuwinda; ameokota mzoga alioufanya mwenyewe.

Ya nane ni madhara yabakiayo. Marisau ya zamani yote, na mengi ya leo, hufanywa kwa madini ya risasi, ambayo ni sumu. Yasiyompata ndege hudondoka katika tope la bwawa. Bata humeza changarawe ili kusagia chakula tumboni, akameza na chembe hizo pamoja nazo, akafa polepole. Kwa sababu hiyo Marekani imekataza marisau ya namna hiyo katika kuwinda bata tangu mwaka 1991, na nchi za Umoja wa Ulaya zimeyakataza katika ardhi zenye maji tangu mwaka 2023. Badala yake hutumiwa ya chuma na madini mengine. Bata afaye leo kwa risasi ya mtu aliyekwisha kwenda zake ni roho iliyouawa bila ya kuliwa na bila ya kutajiwa jina la Mola wake.

Ya tisa ni kiasi. Achukue cha kutosha nyumba yake na zawadi ya jirani, akome. Asipige picha ya mizoga arobaini iliyopangwa kwa safu akawatembezea watu wamsifu. Wala asiende kwa mganga akazinguliwe bunduki yake au afungiwe hirizi mkononi isikose. Hayo ni katika mambo tuliyoyakuta kwa baadhi ya wazee wa magobori, na dini haiyajui. Shabaha ni mazoezi, na riziki ni kwa Mwenyezi Mungu.

Hizo ni adabu tisa. Ukizitazama utaona kuwa zote hurejea kwenye shina moja: usimpige usiyeweza kumfikia, kumchinja na kumla. Mkono wa bunduki ni mrefu sana kuliko mkono wa mtu, na dhuluma nyingi hutokea katika nafasi iliyo baina ya mikono hiyo miwili.

Twaogopa kuwa msomaji wa mjini ataikunja karatasi hii akisema: mimi sina bunduki wala sijafika Kedowa. Tunamwomba asifanye haraka. Kule Bunyala, katika mashamba ya mpunga yaliyo karibu na Ziwa Viktoria, watafiti wa ndege wameandika habari za watu waliokuwa wakiwatilia ndege sumu ya kuulia wadudu iitwayo kabofurani, wakawaokota wakiwa wamelewa au wamekufa, na wakawauza kwa watu kuwa nyama. Katika ndege hao walikuwamo korongo na bata. Aliyeweka sumu ana dhambi yake; lakini lau hapangekuwa na mnunuzi asiyeuliza, sumu hiyo isingewekwa. Mwislamu auziwaye ndege wa mwitu sokoni hana budi kuuliza: amepatikanaje, na amechinjwa na nani? Urahisi wa bei hautahirishi mzoga.

Na karibu zaidi ya hapo, tutazame vichochoro vyetu. Watoto wetu hutengeneza manati kwa mpira na kijiti cha panda, wakashinda wakipiga shomoro, njiwa na tetere, wala hawawali. Wazee wamekaa barazani wakawaona wasiseme neno. Bukhari na Muslim wamepokea kuwa Abdullahi bin Mughaffal alimwona jamaa yake akirusha vijiwe kwa vidole, akamkataza, akamweleza kuwa Mtume (S.A.W.) amekataza jambo hilo kwa kuwa haliwindi windo wala halimdhuru adui, ila huvunja jino na kupasua jicho. Mtu yule aliporudia, Abdullahi akakataa kusema naye. Sahaba wa Mtume alimgomea jamaa yake kwa ajili ya kijiwe, na sisi hatumwambii mtoto kitu mbele ya ndege aliyevunjwa bawa! Mtoto huyo ndiye atakayekua akashika bunduki, au akashika mali ya yatima, au ufunguo wa ofisi ya umma. Na somo alilosoma utotoni ni kuwa kisicho na mlinzi ni cha kuchezea.

Hapo ndipo tulipotaka kufika. Mbele ya mwanadamu kuna vitu vingi visivyokuwa na mlinzi: bata wa lambo, samaki wachanga wa mkoko, ardhi ya wakfu ambayo walioiweka wamekufa zamani, fedha za msikiti ambazo hazihesabiwi, mjane asiyejua kusoma hati zake. Vyote hivyo mkono huvifikia kwa wepesi. Kwetu pwani, katika delta ya mto Tana, ambayo tangu mwaka 2012 imo katika orodha ya Ramsar ya ardhi zenye maji zenye umuhimu kwa ulimwengu, hukusanyika bata wapigao mluzi kwa makundi makubwa. Mwenyezi Mungu ametueleza katika Suratul-An'am kuwa ndege warukao kwa mbawa mbili ni mataifa mfano wetu sisi. Hawajui mahakama wala hawana wakili. Aliyewaumba amebakia kuwa wakili wao, na Yeye hapitiwi na usingizi.

Huenda ikasemwa kuwa tumeibana halali mpaka ikawa nyembamba. Sisi hatukuharimisha alichokihalalisha Mwenyezi Mungu. Aliye katika nchi iliyoruhusu, akawa na leseni na haja, akaswali kwanza, akaomba ruhusa ya mwenye ardhi, akapiga karibu, akamdiriki na akachinja, basi na ale kwa bismillahi, na amshukuru Mola wake, wala asione haya mbele ya mtu. Kitoweo hicho ni kitamu na ni chema. Asiyeweza kuyatimiza hayo, na amtazame bata akiogelea na watoto wake, aseme Subhanallah. Kutazama nako kuna thawabu kwa mwenye kuzingatia, na hakuhitaji leseni.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kumwogopa tunapokuwa peke yetu kama tunapokuwa mbele za watu, na azijaalie riziki zetu ziwe halali mwanzo wake na mwisho wake. Wabillahi-t-tawfiq.